Jaketi Lililokaliwa

Wenzangu mnaobaki na makafi,

Nimeshakabidhi funguo za banda la mitumbwi, filimbi yangu, na lile pipa ambalo kwa miaka thelathini nimelijaza maji mara nyingi kuliko mvua ilivyojaza Ruvu. Mnanijua. Mie ni mtu wa kuongeza chumvi. Yule samaki pono niliyemkamata kwa mikono pale chini ya daraja la mbao amekuwa akikua kila ninapomsimulia, na akitokea leo itabidi tumkatie mtaa.

Lakini ipo habari moja ambayo kwa miaka tisa sikuiongeza chumvi. Niliipunguza. Imeandikwa kwa mkono wangu kwenye daftari la matukio, na inasema kwamba Rajabu, mpiga kafi bora kuliko sote, alivua jaketi lake okozi, kisha akazama. Mjane wake ni Saada, fundi anayetushonea majaketi hadi leo, na anaamini hivyo hivyo ilivyoandikwa. Nimekaa nyumbani Tabata na kalamu ili niisahihishe. Mengine nitakayowaambia humu ni ya kuwasaidia kazini. La Rajabu ndilo lililonikalisha.

Nilifika kituoni, hapo mnapotembeza wageni kwa mitumbwi, nikiwa na miaka ishirini na tisa. Kituo kilikuwa hapo hapo kilipo, kwenye mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko nyuma ya Mbweni, ila badala ya ofisi kulikuwa na meza na mwamvuli. Nimezaliwa Dodoma vijijini, ambako maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona kwa pamoja yalikuwa kwenye pipa la shule. Nilikuja kuomba kazi ya kufagia. Rajabu, mtoto wa hapo hapo pwani, ambaye ukoo wao ulikuwa ukipiga kafi kabla mji haujawa mji, aliniangalia mabega akaniuliza kama naogopa maji.

"Siyaogopi," nikasema. "Sijayazoea tu."

"Huyu anasema kweli nusu," Rajabu akamwambia meneja. "Nusu inatosha. Mpe kafi."

Alinifundisha kwa wiki tatu. Nilikuwa nayachapa maji kama yamenitukania mama, na mtumbwi wa plastiki ulikuwa unazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Rajabu alikaa kwenye mtumbwi wake akila miwa na kunitazama. "Mtu wa bara," aliniita, "kafi halivutwi kwa mkono. Mgongo ndio unaovuta, mkono umeshika tu. Na usiyatazame maji, hayaendi popote. Tazama unakokwenda." Mpaka leo sijapata somo bora, na baadaye nilisoma masomo saba na cheti nikapewa.

Kafi nilifundishwa na Rajabu. Jaketi nilifundishwa na mkewe. Saada alikuwa na cherehani yake barazani, hatua chache kutoka banda letu, na majaketi yote yalipita mikononi mwake kila mwezi. Alikuwa na kipimo chake: dumu la lita tano limejazwa mchanga, analifunga kwenye jaketi, anatumbukiza vyote kwenye pipa, anakwenda kupika. Akirudi akakuta jaketi bado linaelea, linapona. Likiwa limezama hata kidogo, anaikata mikanda na kuitunza, na mwili wake anautupa. "Sponji ikishaanza kunywa maji," alisema, "hili ni godoro. Kalale nalo nyumbani."

Siku ya kwanza alinisimamisha wima mbele ya watu. Nilikuwa nimelivaa jaketi langu vizuri kabisa, kwa maoni yangu. Akalishika mabegani akalivuta juu kwa nguvu mara mbili. Likapanda mpaka masikioni, nami nikabaki natazama nje kama kobe.

"Kaka, umevaa au umetundikwa?"

Watu wakacheka, Rajabu zaidi ya wote. Saada hakucheka. Akaanza na mkanda wa chini, akapanda wa kati, kisha wa juu, anakaza huku ananiambia nivute pumzi. "Likipita masikio halikuokoi. Wewe unabaki chini, lenyewe linakwenda juu." Akavuta tena mabega mara mbili. Halikusogea. "Haya. Ingia majini."

Sasa niseme juu ya jua, maana kuna watakaosoma haya wakiwa kwenye kiyoyozi. Mtu hakatai jaketi kwa ujeuri. Anakataa kwa sababu ya joto. Kwetu mkono wa bahari unapitika maji yakijaa tu, na siku za maji mafu, yale ya mwezi ukiwa nusu, yasiyojaa sana, kujaa kwake huangukia saa nne mpaka saa sita mchana. Yaani tunaingia mikokoni wakati mwenye akili anatoka. Ndani ya mikoko upepo haupiti. Februari mle ndani hata mbu wanaomba kivuli. Niliwahi kuweka yai juu ya kiti cha mtumbwi mweusi, na nimewasimulia wageni kwa miaka kuwa liliiva. Halikuiva. Lilipata moto tu. Lakini mtu aliyekalia kile kiti na kaptura hana haja ya ushahidi wa yai.

Kwa hiyo dawa yetu ilikuwa pipa. Jaketi linaloweshwa dakika kumi kabla ya kuvaliwa, linavaliwa likiwa linachuruzika, na kila mkifika kivulini mnamwagiana maji kwa kata. Kofia ya kitambaa, nayo imeloa. Maji ya kunywa kabla ya kiu. Mtu akianza kusema maneno machache kuliko kawaida yake, muulize jina la mama yake. Akifikiri kabla ya kujibu, mrudishe. Jaketi lililoloa ni la baridi kuliko kifua wazi, hili nimelipima kwa ngozi yangu mara elfu tisini. Bado watu hawakuamini. Palikuwa na bwana harusi mmoja aliyekuja kupiga picha, akakataa kuvaa kwa sababu linaficha tai. Nikamwambia tai itaonekana vizuri sana msibani. Alivaa, ila hakunipa mkono wakati wa kuaga.

Na sie waongozaji, tusijifanye watakatifu. Baada ya kona ya pili, pale ambapo meneja haoni tena, palikuwa na mahali tulipaita Kona ya Kupumua. Ukifika hapo unafungua mikanda. Halafu likazuka jingine, na hili tulilianzisha wenyewe: viti vilivyounguza tulivitandikia jaketi la akiba lililoloa. Mgeni akikaa juu yake, anashukuru kama amepewa kiwanja. Ikawa mazoea. Mgeni mzito akija, kabla hajalalamika, kuna jaketi chini yake.

Nilipokaribia arobaini nilianza shule ya jioni hapa Tabata. Nikitoka kazini nanuka mikoko, nakwenda kukaa dawati moja na wasichana wa duka la dawa. Nilikuwa mkubwa kuliko mwalimu wa hesabu, na nadhani kuliko jengo. Nikamaliza kidato cha nne. Rajabu akaanza kuniita Msomi, na siku matokeo yalipotoka alinibeba mgongoni kutoka bandani mpaka majini akanitupa, na cheti kikiwa mfukoni. Kiliponyooshwa kwa pasi ya Saada kilisomeka. Kwa ajili ya cheti hicho meneja alinipa uongozi wa zamu na daftari la matukio. Rajabu alinizidi kila kitu majini. Mie nilimzidi mwandiko.

Siku yenyewe ilikuwa ya maji mafu, Februari. Tulikuwa tumeshapeleka kundi moja, na Rajabu ndiye aliyelivuta kwa kamba, maana mitumbwi miwili ilikuwa na wazee wasioweza kupiga kafi. Likaja la pili: walimu wa shule ya msingi kutoka Chanika, kumi na wawili, wamejichangisha, wanaimba. Mmoja alikuwa Mwalimu Tumaini, mama wa mwili mkubwa na mcheshi kupindukia. Akakaa kwenye mtumbwi wa Rajabu akainuka papo hapo.

"Jamani, mmeniletea kiti au jiko?"

Wote wakacheka. Nikatazama bandani. Majaketi ya akiba yalikuwa yamekwisha. Walimu waliongezeka wawili bila taarifa. Kundi linanitazama mie, kiongozi, Msomi. Nilitaka sana kicheko kile kisikatike.

"Rajabu," nikamnong'oneza pembeni, "mpe mwalimu lako akalie."

Akaniangalia. "Msomi, nami nivae nini?"

"Wewe samaki, bwana. Nusu saa tu."

"Sheria ni yako."

"Na ruhusa ni yangu. Mpe, watu wanaungua."

Akaenda nyuma ya banda, akafungua mikanda, wa juu, wa kati, wa chini. Akalichovya majini, akalikunja vizuri, akalitandika. "Shika basi, mwalimu, kalia," akamwambia. "Lakini usilizoee, lina mwenyewe." Mwalimu Tumaini alicheka, akadhani ni la akiba. Hakuna aliyemwambia vingine, na sikumwambia.

Tulikwenda mpaka kwenye mdomo wa mkono, pale mikoko inapoisha na maji yanafunguka. Rajabu alikuwa nyuma. Kawaida yake akiwa nyuma anatukana matanga ya majahazi ya watu, anaimba, anataja ndege kwa majina aliyoyatunga mwenyewe. Siku hiyo sikumsikia. Nilitambua kwamba simsikii. Nikajiambia amechoka. Sikurudi kumuuliza jina la mama yake.

Hakupiga kelele. Mwalimu Tumaini alisema baadaye kwamba kafi lililala kwanza, likateleza, na alipogeuka Rajabu alikuwa ameinama kama mtu anayetafuta kitu ubavuni mwa mtumbwi. Kisha hakuwepo. Hapakuwa na kishindo cha kuitwa kishindo. Niliruka. Tuliruka wanne. Maji ya pale ni ya tope. Unafungua macho unaona mkono wako mpaka kwenye kiwiko. Tulimpata chini ya mizizi ya mkoko baada ya muda ambao nimewahi kuambiwa ulikuwa wa dakika kumi na tano. Kwangu haujaisha.

Mtu aliyejua kuogelea kuliko watu wote niliowahi kuwaona, na hapa siongezi chochote. Lakini aliyezimia kwa jua haogelei. Watu wanadhani jaketi ni la asiyejua maji. Nyie washikeni wageni mikono muwaambie: jaketi ni la yule aliyepoteza fahamu, na hakuna anayejua asubuhi kama ndiye yeye.

Jioni ile meneja aliketi mbele yangu na daftari. Akauliza Rajabu alikuwa na jaketi au hakuwa nalo. Nikasema, "Alilivua." Akasema andika. Nikaandika. Mwandiko mzuri. Shule ya jioni ilinifundisha kuandika sentensi fupi isiyoshikika popote. Kweli alilivua. Aliyemwambia alivue hayumo kwenye sentensi.

Saada alikaa eda yake, miezi minne na siku kumi. Alipotoka, siku ya kwanza tu, alikuja bandani. Tulisimama wote. Hakutaka pole zetu.

"Shemeji," akaniambia, "nileteeni lile lake."

Nililileta. Tangu siku ile lilikuwa limetundikwa peke yake na hakuna aliyeligusa. Akakaa nalo chini. Alipitisha kidole kwenye kila mshono. Alivuta mikanda mmoja mmoja. Alibana na kufungua vifungo vyote vitatu, mara nyingi. Akalifungia dumu la mchanga, akalitumbukiza kwenye pipa, na safari hii hakwenda kupika. Alisimama akilitazama. Lilielea. Muda mrefu sana lilielea.

Ndipo nikaelewa alichokuwa anatafuta. Alikuwa anatafuta kosa la mkono wake. Alitaka kuona kama mkanda ulimchoma, au mshono ulimkwangua, au kifungo kilikuwa kigumu, ndiyo maana akalivua.

"Jaketi ni zima," akasema mwishoni. "Basi mbovu alikuwa mume wangu."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Mdomo ulifunguka. Nikasema, "Mungu amrehemu."

Kuanzia hapo nikawa kiongozi mkali kuliko wote Kinondoni, na mnajua wenyewe. Niliifuta Kona ya Kupumua. Niliweka sheria kwamba mtu hafungi jaketi lake mwenyewe: anafungwa na mwenzake, na aliyefunga ndiye anayejibu. Nikamwomba Saada atushonee vikalio vya turubai, ishirini, vya kulowesha na kutandika kwenye viti.

"Vya nini?" aliuliza.

"Vya starehe ya wageni, shemeji."

"Starehe," akasema, akapima kiti kwa futi ya kitambaa. Alivishona kwa siku sita, kimoja baada ya kingine, na hakujua anashona nini. Mie nilikuwa napita barazani kwake najifanya nakwenda dukani.

Na kila tulipopata waongozaji wapya, nyie mkiwemo, alikuja kusimama mbele yenu. Mnakumbuka maneno yake. "Mume wangu alikuwa mbishi. Aliambiwa, hakusikia. Msiwe kama yeye." Kisha anawavuta mabega mara mbili mmoja mmoja. Nami nimesimama pembeni na filimbi, nimetikisa kichwa kukubali. Miaka tisa. Ndugu zake Rajabu nao walimsikia akisema hivyo hitimani, akiwaomba radhi kwa niaba yake.

Niliyoandika mpaka hapa nilimpelekea Saada Jumatano. Sikumpa karatasi. Nilikaa kwenye kigoda barazani kwake nikamsomea, yeye akiwa kwenye cherehani anashona sare ya shule. Nilipofika "mpe mwalimu lako akalie," akaweka kiganja juu ya gurudumu, likasimama. Nikaendelea kusoma mpaka mwisho kwa sababu niliogopa kinachofuata nikinyamaza.

"Rudia aliyosema," akasema.

"Yapi?"

"Rajabu. Yote."

Nikarudia. Msomi, nami nivae nini. Sheria ni yako. Shika basi, mwalimu, kalia.

"Kwa hiyo alikukatalia."

"Mara mbili, shemeji."

Aliutoa uzi kwenye sindano, akauzungusha kidoleni, akautazama. "Na vile vikalio."

"Ndiyo."

"Ulinikalisha siku sita nakushonea toba yako." Alisema taratibu, kama anasoma bei. Kisha: "Nimemwita mume wangu mbishi mbele ya watoto wa watu. Mbele ya mama yake. Mama yake amekufa anajua hivyo."

Akaniuliza kama wapya wapo Jumamosi. Nikasema wapo wanne.

"Utakuja kusema wewe. Mie nitakaa kwenye benchi."

Kwa hiyo Jumamosi mliniona nimerudi, mstaafu wa wiki mbili, na baadhi yenu mkadhani nimekuja kudai keki. Mlikuwepo mlionisikia. Kwa ambao hamkuwepo, nilisema haya haya kwa kifupi, bila pono na bila yai. Nilisema aliambiwa avue, na nilisema nani alimwambia. Saada alikaa kwenye benchi na shemeji zake wawili aliowaleta kutoka Mbagala, ndugu zake Rajabu. Mmoja alikuwa anatazama maji wakati wote. Kisha nikalifungua daftari la matukio kwenye ukurasa ule, na chini ya sentensi yangu, mbele yao, nikaandika ile iliyokosekana. Safari hii mwandiko ni mbaya. Usomeni hivyo hivyo.

Ilikuwa saa tano, maji mafu, jua limesimama juu ya vichwa kama limetumwa. Ada yetu baada ya mafunzo ni kuingia majini wote. Nikachukua jaketi kwenye pipa, nikalivaa likichuruzika, nikasimama na mikanda inaning'inia nikingoja wa kunifunga. Hakuna aliyesogea. Vijana wote mlitazama chini, na siwalaumu. Nilianza kufikiri nilivue nirudi Tabata.

Saada akainuka kwenye benchi. Alikuja mpaka mbele yangu, akaanza na mkanda wa chini. Akapanda wa kati. Akapanda wa juu. Hakuniambia nivute pumzi. Alikaza kuliko inavyotakiwa, kila mmoja, na sikumwambia alegeze. Hakusema amenisamehe, na mie sikuwa nimekwenda kuuliza. Kisha akanishika mabegani, akavuta juu kwa nguvu zake zote, mara mbili.

Halikusogea.

"Haya," akasema. "Ingia majini."